Salfa tunayoipuliza juu inatukuta chini

Kuanzia mwezi wa sita huku kwetu Tandahimba, Mtwara, usingizi wa alfajiri haupo, saa kumi tu mashine zinaanza kuunguruma, moja huku nyingine kule, mpaka kijiji kizima kinaunguruma, na ukitoka nje na tochi unaona mwanga unapita kwenye kitu kama ukungu ila ukungu wenyewe wa njano. Ndo salfa hiyo, unga wa dawa ya ugonjwa wa maua, tunapulizia mikorosho. Tunawahi muda ule kwasababu umande bado upo kwenye maua kwahiyo unga unashika, alafu upepo wa kusi unakuwa haujaamka, ikishafika saa mbili asubuhi kusi inaanza kusukuma na hapo ukipuliza ni kama unamwaga hela kwenye shamba la mwenzako. Hiyo kazi nimeifanya tangu niko darasa la sita, kwanza nikiwa mshika tochi wa baba, baadae nikabeba mashine mwenyewe mgongoni, macho yanawasha siku nzima, ukipenga kamasi linatoka la njano, ukifika shule wenzako wanajua leo kwenu mmepuliza.

Nataka nisimulie nilichojifunza kuhusu hii salfa, maana nimejifunza kwa kuchelewa na naona wenzangu wengi bado wako pale nilipokuwa mimi.

Kwanza kabisa mimi nimesomeshwa na salfa, sina ugomvi nayo. Mzee wangu alipanda mikorosho yake miaka ya 60 akafikisha miti 140 kwenye kama ekari tano hivi, ikaja habari ya kuhamia vijijini miaka ya 70 akapelekwa mbali na shamba, shamba likawa pori, na alivyorudi kulifyeka akakutana na ugonjwa ambao hajawahi kuuona, ubwiriunga. Kwa wasioujua, ni ukungu mweupe, unakuta maua yamekaa kama kuna mtu kapita anayamwagia unga wa muhogo, unakuja kipindi kile kile cha baridi na umande mikorosho inapochanua, na ua likishapakwa ule unga linakauka linakuwa jeusi, hapo huna korosho. Nchi nzima ilivuna tani 145,000 msimu wa 1973/74, ikafika 1986/87 hazikutimia hata 20,000. Ubwiriunga haukuwa peke yake kwenye hilo anguko, bei ilikuwa mbovu na watu walikuwa mbali na mashamba yao, ila mzee alikuwa anasema bei unaweza kuisubiri ipande, ua lililokauka unalisubiria nini?

Salfa ikaja na mikorosho ikabeba tena. Nakumbuka mwaka wa kwanza tumepuliza raundi zote, mzee alikuwa anatembea shambani anashika matawi yaliyoinama kwa mzigo anaita watu waje kuona. Ada yangu ya sekondari imetoka pale, bati za nyumba ya mama zimetoka pale. Ndomana ukimwambia mtu wa Newala au Tandahimba kwamba salfa ina madhara anakuangalia kama umemtukania mzazi, na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Mzee alifariki 2011, shamba nikalishika mimi.

Aliyeona tatizo wa kwanza ni mama. Yeye miaka yote anapanda karanga na kunde kwenye ule uwazi katikati ya mikorosho, kidogo tu, za mboga na za kuuza gengeni. Mimi sikuwa na habari na karanga zake, akili yangu ilikuwa juu kwenye maua, nani anaangalia chini. Ila nikawa naona kila mwaka anarudi na ndoo nyepesi. Karanga zinaota vizuri tu, zikifika urefu wa kiganja zinagoma, majani yanapauka, ukiking'oa kile kishina unakuta mizizi mifupi minene imejikunja kama kucha za kuku, vile vinundu vidogo vya kwenye mizizi vimebaki viwili vitatu, na maganda ukiyabana mengi ni mapepe, hamna kitu ndani. Muhogo ulikuwa unakubali kama kawaida, na huo muhogo ndo ulionidanganya, nikawa namwambia mama mbona muhogo unatoka, udongo hauna shida, hizo ni mbegu zako umezirudia sana. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimelima hapa kabla hujazaliwa. Hapa chini pamekuwa pachungu."

Nikambadilishia mbegu. Yakawa yale yale.

Alafu ikaja ya jirani. Shamba lake liko upande wa kaskazini mangharibi kwangu, yani kusi ikivuma kila kinachotoka kwangu kinaelekea kwake. Huyu mzee namuita mjomba na yeye ananiita mjomba, ndo tulivyo huku. Siku moja mwaka 2015 kaja asubuhi nimekaa nasafisha mashine, nikamwamkia shikamoo mjomba, akaitikia marahaba, akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Mjomba, hii salfa yako inamaliza kunde zangu za kwenye mpaka." Yeye mikorosho yake ni michache na mingi imezeeka, anategemea zaidi kunde, mbaazi na njugu. Mimi nikapandisha, nikamwambia salfa ni dawa mjomba sio sumu, kila mtu anapuliza, wewe hupulizi ndomana ugonjwa unatoka kwako unakuja kwangu. Nilimjibu vibaya mtu mzima aliyekuja kwa heshima, na baada ya pale tukakaa kama mwaka mzima tunasalimiana kwa mbali tu. Mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya, maana alikuwa anasema kitu cha kweli na mimi sikuwa nimewahi hata siku moja kwenda kuziangalia hizo kunde.

Kilichonifungua macho sikukipata huku kwenye salfa nyingi, nimekipata Namtumbo kule Ruvuma ambako hawana salfa. Mke wangu kwao ni huko, mwaka 2016 mwanzoni tukaenda msibani tukakaa wiki mbili, na shemeji yangu analima mahindi. Yalikuwa yamefika magotini na yana rangi ya njano, njano ya kusikitisha, majani ya juu yana mistari mistari, anasema ameshaweka urea mara mbili na hajui afanye nini tena. Siku hiyo alikuwa amemuomba afisa ugani apite, akaja dada mmoja na pikipiki yake. Sisi tulitegemea aseme ongeza urea. Yeye akainama, akashika jani la chini kabisa, akashika la juu, akasema, "Shemeji (alikuwa anamuita hivyo hivyo na yeye), ingekuwa ni urea ungeona njano imeanzia huku chini, mmea ukikosa naitrojeni unaivua kwenye majani mazee unayapa machanga. Hapa mazee ni ya kijani, machanga ndo ya njano. Hapa kinachokosekana ni salfa."

Nikamuuliza salfa ipi? Hii ya mikorosho?

Akasema ndio, hiyo hiyo, ila mmea unaila ikiwa imeshabadilika kuwa salfeti iliyoyeyuka kwenye maji. Akaeleza kwamba bila salfa mmea hauwezi kutengeneza protini, hata ukiulisha urea gunia zima unabaki unaihangaikia tu hauna cha kuifanyia, na kwamba ule ukali wa kitunguu swaumu na harufu ya kabichi ikipikwa ni salfa hiyo hiyo. Na salfa ikishakaa kwenye jani haihami kirahisi, ndomana jani jipya ndo linaumia kwanza. Mimi pale nimesimama mdomo wazi, nimebeba kitu mgongoni zaidi ya miaka ishirini najua ni dawa ya ukungu, kumbe kwa mahindi ya shemeji ni chakula.

Nikamuuliza sasa mababu walikuwa wanatoa wapi salfa ya mahindi, mbona hawakununua? Hili swali namshukuru Mungu nililiuliza, maana alivyojibu ndo nikaanza kuelewa shamba langu. Akasema sehemu kubwa sana ya salfa kwenye udongo wa juu imo kwenye mabaki ya mimea na mizizi iliyooza, kidogo kidogo inatoka. Nyingine inashuka na mvua, maana hewani kuna salfa inayotoka kwenye moto wa mapori, baharini, kwenye volkano na kwenye moshi wa viwanda na magari. Sasa huku ndani mbali na bahari na mbali na viwanda mvua inaleta kilo chache tu kwa hekta kwa mwaka, na sisi kila mwaka tunachoma mabua na majani, salfa iliyokuwemo inapaa na moshi inaenda kushuka kwa watu wengine. Alafu tunakuja kuweka mbolea za DAP na urea ambazo hazina salfa hata chembe. Akamwonyesha shemeji wenzao Wamatengo wa Mbinga, kwamba wale kwenye ngoro zao, yale mashimo wanayolimia milimani, nyasi zinafyekwa zinalazwa zinafukiwa na udongo, hazichomwi, akasema wale wazee hawajui jina la salfa ila wanaitunza. Kwa msimu ule akamwambia anunue SA, mbolea ya salfeti ya amonia, badala ya kuongeza urea, mfuko wa SA una naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Shemeji akaweka, na tulivyokuwa tunaondoka majani mapya yalikuwa yanatoka ya kijani. Baadae alinipigia kusema amevuna vizuri kuliko alivyotegemea.

Dada yule akasema na kitu kingine ambacho nilikuja kukisoma zaidi mwenyewe baadae, habari ya Ulaya. Wenzetu kule Uingereza walichoma makaa ya mawe mpaka wakawa wanavuta moshi mtupu, London mwezi wa 12 mwaka 1952 moshi ulikaa siku tano na watu kwa maelfu wakafa, wakatunga sheria ya hewa safi 1956. Lakini hata baada ya hapo, mpaka kwenye mwaka 1970 nchi yao ilikuwa inatoa zaidi ya tani milioni 6 za gesi ya salfa kwa mwaka, na gesi hiyo ilikuwa inashuka kwenye mashamba na misitu, mengine kwao mengine kwa majirani zao Norway na Sweden, maziwa yakawa na asidi samaki wakafa. Sasa walivyobana moshi, leo wanatoa chini ya sehemu moja ya ishirini ya ile. Samaki wakapumua, watu wakapumua, na wakulima kuanzia miaka ya 80 wakaanza kuona mimea yao ya mafuta na ngano inapauka majani machanga. Walikuwa wanalishwa salfa bure na bomba za viwanda bila kujua, na walivyofunga bomba ikabidi waanze kuinunua kwenye mfuko. Ngano iliyokosa salfa hata unga wake haukandiki vizuri kwa mkate. Kuna kituo cha utafiti kinaitwa Rothamsted kina jaribio la ngano lililoanza 1843 na wametunza sampuli za mavuno miaka yote hiyo, kwahiyo wakaweza kuona ndani ya punje zenyewe jinsi salfa ya hewani ilivyopanda na ilivyoshuka.

Basi nikarudi nyumbani na swali moja tu kichwani: hewa yao ilikuwa inamwaga salfa kiasi gani, na mimi namwaga kiasi gani?

Nilitoa daftari. Mikorosho 140, kila msimu nilikuwa nanunua mifuko saba ya kilo 25, hiyo ni kilo 175, yani kila mti kilo moja na robo, robo kilo kwa raundi mara raundi tano. Shamba ni kama hekta mbili. Kwahiyo kwa hekta nilikuwa naangusha karibu kilo 87 kwa mwaka. Na kule Ulaya kwenye sehemu za karibu na viwanda, wakati moshi wao umekolea kabisa, hekta ilikuwa inapokea makumi ya kilo kwa mwaka, na hicho ndo kiwango kilichowafanya walie mvua ya asidi. Nikalisoma lile daftari mara mbili. Shamba langu la Tandahimba, kijiji ambacho hakina bomba hata moja la kiwanda, lilikuwa linapokea salfa kama lipo pembeni ya mji wa makaa ya mawe. Na halikupokea mwaka mmoja, mzee alianza mwanzoni mwa miaka ya 90. Miaka ishirini mara kilo moja na robo ni kilo 25, mfuko mzima mzima tumeumwaga juu ya kila mkorosho.

Na wote huo umeenda wapi? Hapa ndo nilikuwa sijawahi kujiuliza. Nilikuwa najua unga unakaa kwenye ua unaua ukungu, basi kazi imeisha. Kumbe kidogo sana ndo kinabaki kwenye ua, mwingine unapeperuka na mwingine unaanguka chini na majani na maua yaliyokauka, unakaa pale juu ya mchanga wa kiangazi hauyeyuki hauendi popote. Mvua za mwezi wa 11 na wa 12 zikianza, udongo ukiwa na joto na unyevu, wapo bakteria wadogo wanaoishi kwa kuila salfa, wanaigeuza salfeti na asidi, asidi yenyewe ni jamii ile ile ya kwenye betri ya gari ila inatoka kidogo kidogo. Kule Uingereza ilikuwa inageuka asidi angani inashuka na mvua, kwangu inashuka unga na inageuka asidi chini, mwisho wake ni ule ule. Udongo wetu wa uwanda wa Makonde ni mchanga mchanga, hauna nguvu ya kujitetea kama udongo wa mfinyanzi, asidi ikiingia inabadilika haraka. Alafu ile salfeti mvua inapoizamisha chini haiendi peke yake, inaburuza kalsiamu na magnesiamu inaondoka nazo. Udongo ukishakuwa na asidi nyingi aluminiamu iliyokuwa imelala kwenye udongo inayeyuka na inachoma ncha za mizizi. Ile mizizi ya karanga iliyojikunja kama kucha za kuku, ndo hiyo. Maganda matupu ni kukosa kalsiamu, maana karanga inanyonya kalsiamu kwa ganda lenyewe pale chini inapokaa. Vinundu havipo kwasababu bakteria wa vinundu hawavumilii asidi. Na muhogo unavumilia, ndomana ulininyamazia. Mama alisema pachungu, alikuwa amemaliza kila kitu kwa neno moja.

2017 nikakusanya udongo kupeleka maabara. Nilichukua sehemu tatu, chini ya mikorosho yenyewe, katikati ya mistari, na makaburini kwetu ambako hakuna mtu anapuliza wala kulima. Makaburini pH, yani kipimo cha asidi, ilikuwa 5.8, katikati ya mistari 5.1, chini ya mikorosho 4.3. Kwa asiyejua hizi namba, kila ukishuka namba moja asidi imeongezeka mara kumi, kwahiyo kutoka makaburini mpaka chini ya mkorosho wangu ni zaidi ya mara 30. Udongo ule ule, mita mia mbili kati yao.

Jambo la kwanza nililofanya baada ya yale majibu ni kwenda kwa mjomba. Nikamuomba anionyeshe kunde zake. Tukatembea kwenye mpaka, nikaziona, mistari kama sita ya mwanzo imekaa vibaya na unavyoenda mbele zinapata nguvu. Nikamwambia mjomba naomba unisamehe. Akasema yameisha, ila akaniuliza swali zuri, sasa utajuaje ni ya kwako na sio ya wote wanaopuliza? Sikuwa na jibu. Msimu uliofuata nikakata vipande vya nailoni nyeusi, nikavitandika chini kuanzia mkorosho wangu wa mwisho, hatua kumi, hatua ishirini, arobaini, themanini kuingia kwake. Siku niliyopuliza alfajiri pametulia, hatua ishirini kulikuwa na unga kidogo, arobaini hakuna kitu cha kuonekana. Siku niliyochelewa makusudi nikapuliza saa mbili na nusu kusi imeshaanza, kipande cha hatua themanini kilikuwa cha njano. Mjomba alikichukua kile kipande akakikunja akaenda nacho kwake, nadhani bado anacho.

Na miaka yote nilikuwa nikichelewa kuamka napuliza tu hivyo hivyo.

Hapo sasa kazi ya kurekebisha, na ukweli hii sehemu ni ngumu na bado sijaimaliza. Kwa hesabu, kilo moja ya salfa ikigeuka yote inahitaji kilo tatu na kidogo za chokaa safi ya kilimo kuizima. Kilo 25 chini ya kila mti ni zaidi ya kilo 75 za chokaa. Kwa miti 140 hiyo ni zaidi ya tani kumi, wapi na wapi. Ni kweli nyingine imepeperuka na nyingine mvua imeshaizamisha, kwahiyo huhitaji zote, lakini hata nusu yake mimi siwezi kuisafirisha. Nikaamua nianze na sehemu ya karanga za mama, robo ekari, nikaweka chokaa ya kilimo na majivu ya jikoni, nikachanganya na udongo miezi miwili kabla ya kupanda. Kuna mtu akaniambia hata chokaa ya kupakia nyumba inafaa, nikaijaribu kwenye kona moja, hiyo inafanya kazi ila ni kali sana, imenichubua vidole na mbegu zilizopandwa mapema pale hazikuota. Usiende nayo njia hiyo. Mwaka wa kwanza mabadiliko yalikuwa kidogo, mwaka wa pili mama akarudi na ndoo nzito, akaniita nikaona vinundu kwenye mizizi, vingi, ukivipasua ndani vyekundu, ndo dalili kwamba vinafanya kazi.

Kwenye kupuliza kwenyewe nimebadilisha mengi. Nimepogolea ile mikorosho ya mzee iliyokuwa imefungamana, nikakata na mingine kabisa iliyokuwa inabanana, mwanga na upepo ukaingia na ubwiriunga ukapungua hata kabla sijawasha mashine. Nimepanda mbegu bora za kituo cha utafiti cha Naliendele kwenye nafasi zilizobaki. Napita kuangalia maua kwanza ndo napuliza, zamani nilikuwa nafuata tarehe tu, miti isiyo na ugonjwa naiacha, na kwenye mistari ya upande wa mjomba natumia dawa ya maji. Nimetoka raundi tano nimefika tatu, kuna mwaka wa baridi kali ilibidi nne. Mavuno hayajashuka. Najua kuna watu wanasoma hapa wanasema huyu anataka tuache salfa korosho zife, hapana ndugu yangu, bila salfa mimi pia nisingekuwa na shamba. Ninachosema ni kwamba miaka hii pembejeo zinakuja kwa ruzuku, na mfuko wa ruzuku ukishafika nyumbani mtu anaona ni hasara kuubakisha, anamalizia wote juu ya miti hata isiyoumwa, na mti hauna njia ya kurudisha chenji.

Na jamani watoto msiwapeleke kwenye kupuliza, na nyie wenyewe funikeni pua na macho, na msivute sigara karibu na mashine, unga wa salfa unashika moto na ule moshi wake ndo gesi ile ile iliyokuwemo kwenye moshi ulioua watu London.

Kuna kitu kimoja huwa nakifikiria sana nikiwa nafungua mfuko. Zamani salfa ilichimbwa, ila siku hizi nyingi duniani inatoka kwenye viwanda vya kusafisha mafuta na gesi. Nchi nyingi zimekataza dizeli yenye salfa nyingi, na tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2020 hata meli zimelazimishwa kupunguza kutoka asilimia 3.5 mpaka nusu asilimia kwenye mafuta yao, kwahiyo salfa inatolewa kwenye mafuta kabla haijachomwa, inagandishwa, inasagwa, inawekwa kwenye mifuko. Yani inaokolewa isiingie kwenye anga ya mtu, alafu inashuka bandarini na mimi naibeba mgongoni saa kumi usiku naiingiza kwenye anga yangu. Wale walioitoa walikuwa wameipima, wanajua imetoka kilo ngapi. Huku chini tunapoimwaga nani amepima? Kwa shemeji Namtumbo wanaililia hiyo hiyo. Nilishamwambia kwa utani siku moja nitakuletea udongo wa chini ya mikorosho yangu uweke kwenye mahindi, akasema lete, alafu tukaona nauli yake inanunua SA mifuko kadhaa.

Mwaka jana nilipima tena. Kwenye karanga za mama imefika 5.4. Chini ya mikorosho ambako sijaweka chokaa bado ni 4.4, karibu pale pale, pamoja na kwamba nimepunguza raundi miaka yote hiyo, maana iliyokuwa imeshalala pale bado inaendelea kugeuka kila mvua ikinyesha. Nimeanza kuweka chokaa miti kumi kumi kwa mwaka, kilo ishirini kila mti, kuanzia mstari wa mpakani. Mama anataka nianzie upande wake na mjomba anataka nianzie wake, nimeanzia kwa mjomba. Mvua za kwanza zikishapita tutachimba udongo wa pande zote mbili za mpaka kwa pamoja, ameshanipa hela yake ya maabara ameikunja kwenye kile kipande cha nailoni.